Bati la Maniema, dirisha la Kasongo

*Vioo vya rangi vinavyopamba makanisa na misikiti duniani hutengenezwa kwa madini ambayo Kongo inayo tele. Kusini mwa Maniema bado vinangojewa kutoka mbali, ilhali vinaweza kuundwa juu ya meza ya nyumbani, mradi risasi ibaki nje ya mlango.*

TAREHE 22 Aprili 1893 askari wa Kamanda Francis Dhanis waliingia Kasongo. Mji ulikuwa mikononi mwa Sefu, mwana wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Daktari wa Kiingereza aliyefuatana na jeshi hilo, Sidney Langford Hinde, aliandika baadaye vitu walivyovikuta majumbani: mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha, bilauri na chupa za kioo tele, na tani zipatazo 25 za pembe za ndovu.

Hinde alishangaa, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa karibu wamesahau anasa hizo. Wenyeji wa Kasongo walikuwa wamezizoea. Kioo kile kilibebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani, kikapita Tabora na Ujiji, kikavushwa Ziwa Tanganyika, kikalala Kabambare, ndipo kikafika Kasongo. Misafara hiyohiyo iliporudi pwani ilibeba pembe, na mara nyingi iliswaga watumwa.

Zaidi ya miaka 130 imepita, na kioo bado kinaingia kusini mwa Maniema kwa taabu. Barabara ya taifa namba 2, inayopaswa kuiunganisha Kasongo na Bukavu, ni mtihani kila masika. Bamba la kioo ni mzigo usio na msamaha: halikunjiki, halivumilii mashimo, na likipasuka njiani hasara ni ya mwenye mali. Kioo cha rangi, ambacho ni ghali zaidi, wengi hawafikirii hata kukiagiza.

Makala haya yana swali moja. Je, mtu wa Kasongo au Kabambare anaweza kukaa nyumbani kwake akaunda dirisha la vioo vya rangi, bila kungoja mzigo kutoka ng'ambo na bila kuwadhuru watoto wake? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti ambayo si ya kupuuza.

Pembe zilikwenda, rangi zikabaki Unguja

Anayefika Unguja kwa boti hukutana na jengo moja karibu na bandari, limeelekea baharini: ghorofa yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ufundi mkubwa na kupambwa kwa vioo vya rangi. Ni ile dispensari kongwe ya Ithnaasheri. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, aliyeligharimia akafariki mwaka 1891, na ujenzi ukakamilika mwaka 1894, mwaka mmoja baada ya Kasongo kutekwa.

Aliyeligharimia alikuwa Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani. Ndiye pia aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za kwendea bara, na deni lililipwa kwa pembe. Sidai kwamba kila kioo cha roshani ile kilinunuliwa kwa ndovu wa Maniema. Lakini faida ya biashara ile ilijenga Unguja, na sehemu yake kubwa ilitoka huku, Kasongo, Nyangwe na Kabambare.

Kioo kilichokuja Maniema kwa wingi kilikuwa cha namna nyingine: ushanga. Ule mwekundu, samesame, ulitumika kama fedha sokoni. David Livingstone, aliyekwama Kabambare kwa vidonda vya miguu mwaka 1870, alijua fika kwamba msafiri asiye na ushanga unaopendwa na wenyeji hupata shida ya chakula.

Hivyo kioo si kitu kigeni katika nchi hii. Kigeni ni kukitengeneza.

Madini yapo chini ya miguu

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Rangi huja kwa kutia madini kidogo tu, na mengi ya madini hayo Kongo inayo. Bluu nzito ni kazi ya kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Katanga ya zamani. Shaba hutoa rangi ya feruzi, na tanuri likinyimwa hewa shaba ileile hutoa wekundu. Zambarau hutokana na manganizi, iliyochimbwa kwa miaka mingi huko Kisenge. Wekundu wa waridi, ulio ghali kuliko zote, huhitaji chembe za dhahabu, dhahabu ambayo krezeri, yaani wachimbaji wa mikono, wanaitafuta kila siku Namoya na Salamabila, katika teritori ya Kabambare.

Kisha lipo bati, na hapa ndipo Maniema inapohusika hasa. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932 na makao yake makuu ya uchimbaji yakawa Kalima. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Washirika wa Vita Kuu ya Pili walilitegemea zaidi bati la Kongo. Mwaka 1976 kampuni za eneo hilo ziliunganishwa kuwa SOMINKI, na baadaye migodi ikawa ya SAKIMA, shirika la serikali. Leo kasiteriti, yaani mawe yenye bati, huchimbwa zaidi kwa mikono, hutiwa katika magunia, huwekewa vibandiko vya kuonyesha yalikotoka, kisha huondoka.

Bati lina kazi mbili katika dirisha. Ya kwanza ni kulehemu. Waya ambao mafundi wa vioo vya rangi wameutumia zaidi una sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Ya pili haijulikani na wengi. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza njia yake mpya mwaka 1959, karibu vioo vyote bapa vya dunia hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bwawa la bati la moto. Kioo huelea juu ya bati hilo, hujinyoosha chenyewe, na hutoka laini pande zote mbili bila kusuguliwa.

*Hata kioo cheupe cha dirisha la kawaida kimeelea juu ya bati kabla ya kufika dukani. Bati huondoka Maniema likiwa mawe. Kioo hurudi kwa bei ya ng'ambo.*

Simshauri mtu kuyeyusha kasiteriti uani. Kazi hiyo hutaka joto la zaidi ya nyuzi 1,000, moshi wake una hatari zake, na sheria ya madini hairuhusu mtu asiye na kibali kununua mawe hayo. Ninachosema ni kwamba fundi wa Kasongo akinunua waya wa kulehemu leo, huenda anarudishiwa udongo wa kwao kwa bei ambayo hakuipanga yeye.

Mezani

Kazi yenyewe haina uchawi. Mtu huchora dirisha lake kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, akavipa namba vipande vyote. Karatasi ya pili hukatwakatwa ili iwe vielelezo. Kila kielelezo huwekwa juu ya kioo cha rangi yake.

Kukata ndiko kunakowatisha wanaoanza. Almasi ya kukatia vioo, ambayo siku hizi mara nyingi ni kigurudumu cha chuma kigumu, huchovywa kwenye mafuta ya taa kidogo. Hupitishwa mara moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ukipita vizuri utasikia mlio mwembamba usiokatika, kama hariri inayochanwa. Mlio ukikatika, hapo mstari haukushika. Usirudie juu yake, maana kurudia hulivunja gurudumu makali na kukipeleka kioo kusikotakiwa. Kisha unashika kioo kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa mstari, unakunja kidogo kuelekea chini, na kioo kinaachia.

Kinachokatika hivyo ni mstari wa nje tu. Mkunjo wa ndani, ule wa umbo la mwezi mchanga, hauji kwa pigo moja. Huondolewa kwa hatua, mikwaruzo mitatu minne sambamba, na koleo la kumegea punje kwa punje. Miwani ya kukinga macho huvaliwa tangu mwanzo, na vumbi la kioo hufutwa kwa kitambaa kibichi, halipulizwi kwa mdomo.

Watawa wa Ulaya wa karne ya 12 hawakuwa na almasi. Mtawa aliyejulikana kwa jina la Theophilus aliacha maandishi yanayoeleza namna ya kukata kioo kwa ncha ya chuma cha moto. Fundi chuma yeyote wa Kabambare mwenye viriba na mkaa anacho chombo hicho. Hata chuma cha kulehemu hakihitaji umeme: kabla ya nyaya kufika, mafundi wa dunia nzima walipasha kipande cha shaba chenye mpini kwenye jiko la mkaa wakalehemu nacho, wakiwa na viwili, kimoja motoni na kimoja mkononi.

Na kioo chenyewe? Cheupe hupatikana kwa vipande vya madirisha yaliyovunjika. Rangi hutafutwa kwenye chupa. Za bia nyingi hurudishwa depo kwa sababu kreti na chupa zina dhamana, lakini za mvinyo, za dawa na zilizopasuka hutupwa. Chupa ina tatizo moja: ni ya mviringo. Kuinyoosha kunataka tanuri la nyuzi kati ya 750 na 800 hivi. Asiye na tanuri atumie kitako cha chupa, ambacho hutoa duara zuri lenye unene usio sawa, na unene huo ndio unaochezesha mwanga. Wala asijaribu kuyeyusha chupa mbili za asili tofauti pamoja. Kila moja husinyaa kwa kiwango chake ikipoa, na kipande hupasuka, pengine siku kadhaa baadaye.

Risasi ndani ya nyumba

Hapa ndipo wenye kazi wanapogawanyika.

Wafuasi wa njia ya kale wanasema dirisha la kweli ni lile lililofungwa kwa vijiti vya risasi vyenye mfereji pande mbili, kama madirisha ya Chartres huko Ufaransa ambayo yamesimama tangu karne za 12 na 13. Wana hoja nzito. Risasi ni laini, hufuata kila kona, huvumilia jengo linapotikisika, na baada ya miaka mia hivi dirisha huweza kufunguliwa lote na kufungwa upya bila kupoteza kioo. Hakuna njia nyingine iliyothibitishwa na muda mrefu hivyo.

Wa upande wa pili, ambao mimi nasimama nao, hawakatai uzuri huo. Wanauliza kazi inafanyiwa wapi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutoka katika kile wanachomeza. Huharibu ubongo unaokua, na kinachopotea hakirudi. Hatari kubwa haiko katika mvuke wa kulehemu kama wengi wanavyodhani. Iko katika vumbi jeupe la risasi iliyochakaa: mikononi, mezani, kwenye kanga ya mama, sakafuni anapotambaa mtoto.

Anayeishi kwa dhahabu Kabambare aisikilize habari ya Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 watoto wasiopungua 400 walikufa huko. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wa mikono wa dhahabu, na mawe yaliyosagwa majumbani yalikuwa na risasi nyingi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walileta kazi nyumbani.

*Fundi wa Ulaya mwenye karakana yake, feni ya kutoa hewa na kipimo cha damu kila mwaka anaweza kujadili risasi. Mama anayefanyia kazi pale anapopikia hana la kujadili.*

Na lipo jambo baya zaidi linaloweza kumjia fundi asiye na fedha: kupasua betri chakavu la gari ili apate risasi ya kuyeyusha. Hilo lisifanywe na mtu yeyote, mahali popote penye watu.

Njia mbili zisizo na risasi

Ya kwanza ni ya shaba na bati. Ukingo wa kila kipande cha kioo huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba wenye gundi, upana wa milimita tano au sita, ukasuguliwa kwa kijiti mpaka ushike. Vipande hupangwa juu ya mchoro, hupakwa dawa ya kulehemu, na bati huyeyushwa juu ya maungo mpaka litengeneze tuta laini. Njia hii ilipata sifa New York mwishoni mwa karne ya 19, kwenye taa na madirisha ya Louis Comfort Tiffany. Bati lenye shaba kidogo huyeyuka karibu nyuzi 227, wakati lile lenye risasi huanza kuyeyuka kwa nyuzi 183. Lisilo na risasi linataka chuma chenye moto zaidi na mkono wenye subira, na tuta lake halilainiki upesi. Utepe wa shaba nao hutoka nje, jambo la kusikitisha katika nchi ya shaba.

Ya pili ndiyo ninayoiona inaifaa zaidi Kasongo, nayo haihitaji moto hata kidogo. Mafundi wa mji wa Sanaa, Yemeni, humimina bamba la jasi, hulichonga maua na nyota likiwa bado bichi, kisha hubandika vioo vya rangi kwa nyuma kwa jasi nyepesi. Jua likipiga, ukuta unachanua. Jasi haipendi mvua, na mvua ya Maniema si ya mchezo, kwa hiyo bamba hilo liwe chini ya baraza au ndani ya upenu. Panapolowa, saruji ichukue nafasi ya jasi, ikitiwa nondo nyembamba. Wafaransa walianza kupachika vioo vinene ndani ya zege kwenye miaka ya 1930, na makanisa mengi ya karne iliyopita yamejengwa hivyo. Saruji mbichi huunguza ngozi, glavu zivaliwe. Zaidi ya hapo, ni kazi ambayo mwashi yeyote anaielewa.

Hewa kwanza

Kuna pingamizi jingine, nalo linatoka kwa wajenzi. Kasongo ni joto na unyevu. Nyumba na makanisa huachiwa matofali yenye matundu ili hewa ipite, na kuyaziba kwa vioo ni kuwapika waumini. Pingamizi hili ni la haki.

Unguja walishalijibu. Katika nyumba za zamani kioo cha rangi hukaa juu, kwenye nusu duara ya mlango au dirisha, nacho hakifunguliwi. Chini yake hukaa mbao zinazofunguliwa. Mwanga hupita juu, upepo hupita chini. Nusu duara moja ya upana wa mita moja ni kazi ndogo ambayo mtu anayeanza anaimudu, na ikiharibika si msiba.

Wengine watauliza kama kazi hii si ya Wakristo tu. Kasongo ni jimbo la Kikatoliki, na ni pia mji wenye Waislamu wengi na wa siku nyingi, tangu enzi za akina Tippu Tip. Msikiti wa Nasir al-Mulk mjini Shiraz, Uajemi, ulijengwa kati ya 1876 na 1888, wakati Kasongo ya Tippu Tip iko kileleni, na vioo vyake vya rangi huifanya sakafu nzima kuwa zulia jingine. Kanisa litataka picha ya mtakatifu, msikiti utataka nyota na maua. Meza ni ileile, almasi ni ileile. Tena maumbo ya nyota, yenye mistari iliyonyooka, ni rahisi kukatwa kuliko uso wa mtu. Anayejifunza aanzie hapo.

Nani atanunua?

Suala la soko haliwezi kukwepwa. Karatasi za nailoni za rangi zinazobandikwa kwenye kioo ni rahisi, na rangi za kupaka ni rahisi zaidi. Aliye na haraka atanunua hizo. Jua la huku huzipausha, na nailoni huanza kubanduka pembeni. Rangi iliyo ndani ya kioo chenyewe haipauki.

Mifano ya karibu ipo. Karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, msanii Nani Croze alianza kuunda vioo vya rangi nyumbani kwake zaidi ya miaka 40 iliyopita. Leo Kitengela ni jina linalojulikana Kenya nzima, na mwanawe Anselm hupuliza vioo kutokana na vioo chakavu. Arusha iko Shanga, iliyoanza mwaka 2007, ambako mafundi wengi wao wenye ulemavu hugeuza chupa zilizotupwa kuwa shanga na vyombo. Nairobi na Arusha zina watalii, Kasongo haina. Tofauti hiyo ni kubwa na isifichwe.

Lakini Kasongo ina parokia, misikiti, shule, na watu wanaojenga. Mnunuzi wake wa kwanza ni jirani anayetaka mlango wake utambulike mtaani. Ndiyo maana naona mlango wa kuingilia ni shule za ufundi: useremala na ujenzi hufundishwa tayari, na wanafunzi wanaojua fremu na zege wamebakiza kujifunza kukata kioo tu. Shule moja ikianza na jasi au saruji, vitako vya chupa na almasi mbili tatu, gharama yake haifiki ya kuagiza dirisha moja kutoka ng'ambo. Wakuu wa shule hizo, maparoko na maimamu wa Kasongo na Kabambare ndio ninaowaomba walifikirie jambo hili kabla ya kuagiza madirisha mengine.

Na wewe unayetaka kujaribu nyumbani, anza na jasi. Utakapofika hatua ya kulehemu, soma kibandiko cha waya kabla ya kulipa. Kikiwa na herufi Pb, ni risasi: mrudishie mwenye duka.